Nzige wa Bonde la Rukwa na Kiwavi Aliyetoka Ng'ambo

Kati ya mwaka 1930 na mwaka 1944 sehemu kubwa ya Afrika iliyo kusini ya Ikweta ilivamiwa na nzige. Hawakuwa nzige wa nchi moja wala wa msimu mmoja. Walitanda Tanganyika na Kongo, wakashuka Rhodesia zote mbili na Unyasa, wakaingia Angola na Msumbiji, wakafika hata Afrika ya Kusini. Na kila walipotua waliacha mashamba kama uwanja uliofagiliwa. Katika sehemu nyingi za nchi yetu watu waliozaliwa zama zile waliambiwa umri wao kwa kutajiwa mwaka wa nzige. Jambo ambalo wengi wa waliopatwa na msiba huo hawakulijua ni kwamba mdudu yule alikuwa na kwao, na kwamba mojawapo ya makao yake ya asili ni bonde lililo chini ya nyanda za juu za Ufipa, mwendo usio mrefu kutoka Mazwi.

Makusudi ya insha hii ni kueleza jinsi makao hayo yalivyojulikana na jinsi yalivyowekewa ulinzi. Kisha kuuliza ulinzi wa namna ile wafaa nini leo, maana katika mwaka 1917 hakuna aliyemwota, na katika mwaka 2017 ameingia Rukwa mdudu mwingine, ambaye kwao si hapa. Kati ya habari hizo mbili nitazungumza kidogo juu ya minazi. Najua kwamba mnazi hauoti Ufipa. Msomaji na avumilie, sababu yake ataiona.

Asiyeijua nchi ile na ajue kwamba Ufipa ni nchi ya juu. Mji wa Sumbawanga, ambao Mazwi ni mojawapo ya kata zake, umekaa kiasi cha mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na jina lake wenyeji hulieleza kuwa ni amri: tupa uchawi, yaani mgeni asiingie na wanga wake. Ni nchi ya baridi, yenye nyasi nyingi na miti michache, na watu wake kwa vizazi vingi wamelima kwa namna yao wenyewe. Huzifukia nyasi ndani ya matuta ya duara, yaitwayo intumba, zikaoza na kuwa mbolea; juu yake hupandwa maharage, na msimu ufuatao matuta huvunjwa ukapandwa ulezi. Lakini ukielekea mashariki nchi hiyo yakatika ghafula. Ukingo mrefu wa Lyamba lya Mfipa washuka karibu mita 1,000, na chini yake ni bonde la joto, na ndani ya bonde ni Ziwa Rukwa, lenye maji ya magadi na lisilo na mto wa kuyatoa.

Kwa kuwa maji hayana pa kutokea, ziwa hilo hupanuka na kupungua kwa kadiri ya mvua na jua. Miaka ya ukame hurudi nyuma likaacha nyanda pana za matope, na nyasi zinazovumilia magadi huota juu yake. Zikija mvua kubwa, kama zile za mwanzo wa miaka ya 1960 zilizoinua maziwa ya Afrika ya Mashariki, maji huzirudia nyanda hizo na kuzifunika. Kiangazi moto hupita, hapa ukateketeza, pale ukaruka. Hivyo bonde huwa kama mkeka uliofumwa kwa rangi nyingi: nyasi ndefu, nyasi fupi, matete, udongo mtupu, vyote vikipakana na kubadilishana mahali mwaka hata mwaka. Nchi isiyotulia namna hii ndiyo impendezayo nzige mwekundu.

Mdudu huyu, ambaye wataalamu humwita Nomadacris septemfasciata, hujulikana kwa wekundu ulio chini ya mabawa yake ya nyuma. Jike hutaga mvua za kwanza zinapoanza, mwezi wa Novemba au Desemba. Hutafuta udongo mtupu wenye unyevu, akaingiza ncha ya tumbo lake ardhini, akaacha kifuko chenye mayai yapata mia au pungufu. Baada ya mwezi mmoja hivi hutoka tunutu, wasio na mabawa, ambao hula na kujivua ngozi mara kadhaa kwa muda wa miezi miwili na zaidi. Kufikia Machi na Aprili wamekwisha kuwa nzige kamili, lakini hawazai. Hukaa katika nyasi kiangazi kizima wakingoja mvua nyingine. Basi ni kizazi kimoja tu kwa mwaka, na huku kungoja kwao kuna maana kubwa katika hadithi yetu, kwa sababu kwampa adui yake miezi mingi ya kuwatafuta na kuwahesabu kabla hawajataga tena.

Hadi mwaka 1921 wataalamu waliamini kwamba nzige waendao kwa makundi na wale panzi wakubwa waishio peke yao ni wadudu wa jinsi mbalimbali. Mwaka ule Boris Uvarov, mzaliwa wa dola ya Urusi aliyekuwa amehamia London, alitangaza kwamba ni mdudu mmoja mwenye hali mbili. Akikaa mbali na wenzake huwa mpole, rangi yake ni ya nyasi, na hana haja na safari. Wakisongamana mahali padogo hubadilika: rangi yao yageuka, tabia yao yageuka, kila mmoja amfuata mwenzake, na waliozaliwa katika msongamano huo ndio waondokao kwa makundi ya kuziba jua. Fikira hii iligeuza swali lote. Zamani watu waliuliza, Nzige wanakwenda wapi? Sasa wakauliza, Walisongamania wapi?

Kabla jibu halijapatikana, vita vilipiganwa shambani, na vilikuwa vita vya kushindwa. Watu walipiga madebe, wakachimba mitaro ya kufukia tunutu, wakawasha moto. Serikali ziligawa pumba zilizochanganywa na aseniki, sumu ambayo iliwaua tunutu na ambayo ilikuwa hatari kwa ng'ombe na kwa watoto pia. Nataja kwa kupita tu kwamba nzige ni chakula: Waislamu wamehalalishiwa hata bila ya kuchinja, na huko bara walikaangwa wakaanikwa. Lakini sidhani kama yuko aliyepata kushiba nzige kwa thamani ya mtama alioupoteza.

Mikutano ya mataifa juu ya nzige ilifanywa Roma mwaka 1931, na baadaye Paris, London, Kairo na Brussels. Wakati huo huo wachunguzi walikuwa wakifuata nyayo za nzige mwekundu kinyumenyume, kutoka nchi zilizoliwa kurudi nchi walikoanzia. Na miongoni mwao alikuwako A. P. G. Michelmore, aliyeyaandika makao ya mdudu huyu na tabia zake. Nyayo zilikutana mahali pawili, tena pasipo mbali sana: vinamasi vya Mweru wa Ntipa katika Rhodesia ya Kaskazini, na bonde la Rukwa. Baadaye palitambuliwa penginepo, kama Wembere, bonde la Malagarasi, na uwanda wa Ikuu huko Katavi. Lakini Rukwa haikuondoka katika daraja ya kwanza. Yaani nchi za ukubwa wa bara zima ziliharibiwa na wadudu ambao chimbuko lao mtu angeweza kulizunguka kwa miguu kwa siku kadhaa.

Kazi ya ulinzi ilianza katika siku za Vita Kuu ya Pili, na mwaka 1949 mkataba ulitiwa sahihi London wa kuunda idara ya kudumu ya mataifa kwa ajili ya nzige mwekundu. Waliokubaliana walikuwa Uingereza kwa makoloni yake, Ubelgiji kwa ajili ya Kongo, Muungano wa Afrika ya Kusini, na Rhodesia ya Kusini. Makao makuu yaliwekwa Abercorn, mji mdogo ng'ambo ya mpaka wa Ufipa, ule ule ambako Jenerali von Lettow-Vorbeck aliweka silaha chini tarehe 25 Novemba 1918. Leo waitwa Mbala.

Hapa yafaa tuulize nani alimlinda nani. Fedha hazikutolewa kwa sababu ya ulezi wa Mfipa, ambao ulikuwa umeliwa mara nyingi bila ya mkataba wowote. Zilitolewa kwa sababu nzige waliotoka Rukwa hawakujua mpaka wala uzio, wakaingia mashamba makubwa ya mahindi ya kusini, ambayo wenyewe walikuwa na sauti katika mabunge yao. Siwalaumu kwa kulinda mali yao. Nasema tu kwamba tusiite huruma jambo ambalo lilikuwa hesabu. Na waliokwenda katika nyasi zenye maji ya magoti, wakabeba mifuko ya dawa na kuhesabu tunutu juani, walikuwa kwa sehemu kubwa Waafrika, ambao majina yao si rahisi kuyakuta katika taarifa zilizopigwa chapa. Hata hivyo ulinzi ni ulinzi, na ule ulifanya kazi. Tangu mwaka 1944 hapajatokea tena wimbi la nzige mwekundu la kuenea Afrika nzima ya kusini. Makundi yametoroka mara kadhaa, yakaleta hasara huku na huku, lakini hayakupata kukua yakawa kama yale.

Njia yao ilikuwa hii. Kiangazi, nyasi zilipokuwa zimekauka na kuungua kwa sehemu, walipita bondeni kwa mistari wakiwafurusha nzige ili wakisie idadi yao katika kila eneo. Mahali walipozidi paliwekewa alama. Mvua ziliponyesha na tunutu wakatoka, dawa ilipigwa kabla hawajaota mabawa. Magari yalizama katika tope, na katika miaka ya 1950 ndege zikatumika. Dawa zenyewe zilikuwa kali: ile ya manjano iitwayo DNOC, BHC, kisha dieldrini, ambazo baadaye zilikatazwa katika nchi nyingi kwa sababu ya madhara yake kwa watu, ndege na samaki. Ziwa Rukwa ni ziwa la wavuvi. Nadhani historia kamili ya dawa zile ingestahili kuandikwa na mtu wa bondeni, si na ofisi iliyozimwaga.

Miongoni mwa wataalamu wa Abercorn alikuwako mmoja, Desmond Vesey-FitzGerald, ambaye kwa maoni yangu alilifahamu bonde la Rukwa kuliko wenzake wote. Sasa ndipo minazi inapoingia. Kabla ya kuja kwa nzige, katika miaka ya 1930, mtu huyu alifanya kazi Shelisheli. Minazi ya visiwa vile ilikuwa ikinyonywa na wadudu wadogo wa magamba, wanaojibandika chini ya makuti na kukaa hapo kama vipele. Hakutafuta dawa. Alitafuta adui zao: vidudu wa mviringo, wenye mgongo unaong'aa, ambao watoto huwachezea, akawaleta kutoka Afrika ya Mashariki na kutoka Bara Hindi, akawaachilia katika minazi. Baadhi yao walishika makao, na minazi ikapumua.

Fikira hiyo haikuwa mpya. Miaka michache kabla yake, huko Fiji katika Bahari ya Pasifiki, kulikuwako kiwavi wa nondo mdogo wa rangi ya zambarau, Levuana iridescens, ambaye tangu miaka ya 1870 alikuwa akiyala makuti ya kisiwa kikubwa cha Viti Levu hata minazi ikawa kama iliyounguzwa. Nondo huyo alipoanza kuvuka kwenda visiwa vingine, hofu iliwashika watu, kwa kuwa huko mnazi ndio uhai wenyewe: mafuta, nakala ya kuuza, kinywaji, paa la nyumba. Mwaka 1925 Serikali ilimkabidhi kazi J. D. Tothill. Wakatafuta kwao kwa asili kwa nondo yule, wapate adui yake, wala hawakupaona. Basi wakafanya jambo la ujasiri. Walikwenda Malaya, wakamchukua nzi anayetaga mayai yake juu ya kiwavi wa nondo mwingine aliye jamaa ya yule wa Fiji, wakamleta kwa meli. Waliofika hai walikuwa mia tatu na kidogo. Wakawazidisha katika vizimba, wakawaachilia kwa maelfu, na kabla ya miaka michache kupita kiwavi alikuwa amekwisha kuwa haba. Amekuwa haba hata baadhi ya wataalamu wa leo wahofia kwamba alifutika duniani, na kwamba huenda alikuwa kiumbe wa asili ya visiwa vile vile. Jambo ambalo wenye minazi wa Fiji hawakulilia. Tothill alikuja kuwa Mkurugenzi wa Kilimo wa Uganda, na mwenzake T. H. C. Taylor, aliyekuwa katika kazi ya kuwaleta nzi wale, naye alikuja Uganda kuchunguza wadudu wa pamba. Kwa hiyo elimu ya kiwavi wa mnazi haikukaa mbali nasi kama inavyodhaniwa.

Vesey-FitzGerald, basi, alikuwa mtu wa shule hii, na mtu angetazamia kwamba alipofika Rukwa angeanza kumtafutia nzige adui wa kigeni. Hakufanya hivyo, na kwa haki. Nzige mwekundu si mgeni Rukwa. Korongo humla, nzi humtagia, magonjwa ya kuvu humpata. Adui zake wote wako naye tangu zamani. Kosa la Rukwa halikuwa upungufu wa adui bali mabadiliko ya nyasi, ambayo hukusanya nzige waliotawanyika mahali pamoja. Akaanza kusoma nyasi. Mwaka 1955 ilitoka taarifa yake juu ya mimea ya makao ya nzige mwekundu, na mwaka 1960 akaeleza jambo aliloliona katika nyanda zile: kwamba wanyama wa porini hufuatana katika malisho kama wageni wa karamu. Tembo na nyati huingia kwanza katika nyasi ndefu, wakazikanyaga na kuzivunja. Nyuma yao huja wale wapendao nyasi za kimo cha kati, na mwisho wale wa nyasi fupi. Kila mmoja humwandalia mwenzake. Mtu aliyetumwa kuua panzi alimaliza kwa kueleza jinsi malisho ya Afrika yanavyofanya kazi, na taarifa ile bado hutajwa na watu ambao hawajui kwamba chanzo chake kilikuwa nzige.

Nchi zilipopata uhuru, ulinzi haukuachwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 serikali za Kiafrika ziliunda shirika lao la nzige mwekundu la Afrika ya kati na ya kusini, nazo zikaongeza katika kazi zake kweleakwelea na viwavijeshi. Makao yake yako Ndola, Zambia, na Tanzania ni mwanachama. Tabu ya shirika kama hili ni rahisi kuielewa. Likifanya kazi yake vizuri hakuna kinachoonekana, na waziri wa fedha hushindwa kuona sababu ya kulipia kitu ambacho hakikutokea. Ada huchelewa, magari huchakaa, ndege hukaa chini, na nyasi za Rukwa hazingoji bajeti.

Mwaka 2009 ilionekana wazi. Nzige walikuwa wamezidi katika Ikuu, katika nyanda za Rukwa na katika Malagarasi, na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa likaingia kusaidia. Safari hii, zaidi ya hekta 10,000 zilinyunyiziwa si sumu ya zamani bali mbegu za kuvu, ambaye humwingia nzige kupitia ngozi na kumwua polepole kwa siku kadhaa, wala hamdhuru ndege anayemla. Ilikuwa mara ya kwanza Afrika kwa kuvu huyo kutumiwa kwa eneo kubwa namna ile dhidi ya nzige, na makundi yalivunjika. Angalau katika jambo hili, fikira ya minazi ya Shelisheli ilikuwa imelifikia bonde, ingawa kwa njia ya chupa na ndege.

Sasa tupande juu tena, Ufipa. Miaka minane baadaye, mwaka 1917 ukiwa umepita karne nzima, mkoa ule ule ulitajwa kwa mdudu mwingine. Mapema mwaka 2017, katika mashamba ya mahindi ya wilaya ya Nkasi, alitambuliwa kwa mara ya kwanza nchini Tanzania kiwavijeshi vamizi, Spodoptera frugiperda. Kwao ni Amerika. Alikuwa ameonekana Afrika ya Magharibi mwanzoni mwa mwaka 2016, na kabla ya miaka miwili kutimia alikuwa katika nchi nyingi za kusini ya Sahara.

Viwavijeshi si jina jipya kwetu. Yuko yule wa asili, aendaye kwa majeshi juu ya ardhi, na Afrika ya Mashariki ilikuwa imejifunza kumtabiri: tangu mwaka 1969, kwanza kutoka Muguga nchini Kenya, nondo wake walinaswa kwa mitego ya usiku na habari zikapelekwa kwa wakulima kabla viwavi hawajatoka, na kwa upande wetu kazi hiyo ilishikwa na kituo cha Tengeru karibu na Arusha. Lakini yule ni wa msimu, huja na kwenda. Huyu mpya hutambulika kwa alama mfano wa herufi Y iliyopinduliwa usoni pake na kwa madoa manne karibu na mkia, naye ana tabia mbaya zaidi. Hujificha ndani ya moyo wa mhindi, akalitafuna jani changa kabla halijakunjuka, na kinyesi chake hujaza pale kama unga wa mbao. Dawa inayopigwa juu haimfikii. Jike hutaga mayai zaidi ya elfu katika uhai wake, na penye joto kizazi kimoja hukamilika kwa mwezi mmoja hivi. Nondo wake, akisaidiwa na upepo, aweza kwenda kilomita 100 kwa usiku mmoja.

Mlinganishe na nzige wa bondeni. Yule huzaa mara moja kwa mwaka, huyu haachi. Yule hungoja mvua, huyu hangoji kitu, maadamu yako mahindi mabichi mahali fulani. Yule ana chimbuko ambalo watu kumi wenye gari waweza kulipita na kulihesabu, huyu chimbuko lake ni kila shamba. Kwa hiyo ile hekima ya Abercorn, ya kumkamata adui kitandani mwake, haimpati. Hakuna kitanda.

Na Ufipa ilikuwa imemwandalia meza. Wakati wa nzige wakubwa, chakula cha nyanda zile kilikuwa ulezi hasa. Katika miaka ya 1970 na ya 1980, kwa msaada wa mbolea na bei za serikali, mahindi yalienea, na Rukwa ikahesabiwa pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma kuwa mikoa minne mikubwa ya kuilisha nchi. Si neno la kulaumu, maana watu walipata fedha na watoto walisoma. Ila shamba la mahindi matupu, lililopakana na jingine la mahindi matupu hata ukingo wa Lyamba, kwa nondo huyu ni nchi moja isiyo na mpaka.

Wakulima wengi walikimbilia dukani. Huko waliuziwa sumu ambazo lebo zake ziliandikwa kwa lugha wasiyoisoma, na wengi walizipiga bila ya kujifunika pua wala mikono. Wengine walifanya walivyoweza: waliokota viwavi kwa vidole asubuhi mapema, wakatia mchanga au majivu ndani ya moyo wa mhindi. Watu wa mjini hulicheka jambo hili. Lakini kwa mwenye nusu ekari, jivu la jikoni lililowekwa kwa wakati laweza kushinda chupa iliyonunuliwa kwa deni na kupigwa siku imekwisha pita.

Ndipo Fiji inaporudi kichwani. Kule adui alishindwa bila ya kwao kujulikana, kwa kuletewa mdudu wa kumla. Lakini tusifananishe kwa haraka. Mnazi husimama pale pale miaka sitini, na nzi aliyeachiliwa huupata kesho na kesho kutwa. Mahindi hukatwa kila mwaka, na kila msimu mdudu mlinzi huanza upya kutafuta pa kukaa. Visiwa vina bahari ya kuvizunguka, Rukwa ina barabara ya Tunduma. Zaidi ya hayo, nzi wa Tothill hakukutana na bomba la dawa. Mdudu mlinzi wa leo hufa pamoja na kiwavi, na mara nyingi hufa kabla yake, kwa kuwa kiwavi amejificha ndani na yeye yuko nje akimtafuta.

Hata hivyo dalili ziko. Wachunguzi wa kituo cha elimu ya wadudu cha Nairobi, icipe, waliokusanya viwavi katika mashamba ya Kenya na Tanzania kuanzia mwaka 2017, waliona kwamba baadhi yao walikuwa tayari wameingiwa na nyigu wadogo wa hapa hapa Afrika, waliojifunza kumtumia mgeni kabla wakulima hawajajifunza jina lake. Kituo hicho kimeeleza pia kwamba mahindi yaliyopandwa pamoja na desmodiamu, kwa namna iliyobuniwa kwanza kwa ajili ya viwavi wa bua, yalionekana na viwavi wachache zaidi kuliko mahindi matupu. Mfipa aliyezoea maharage juu ya intumba hahitaji kufundishwa mengi juu ya mchanganyiko.

Na mwaka 2019 ilitangazwa habari ya nyigu mwingine, Telenomus remus, ambaye Amerika hukuzwa na kuachiliwa mashambani kwa makusudi dhidi ya kiwavi huyu. Alikutwa katika nchi kadhaa za Afrika, Kenya ikiwa miongoni mwao, ingawa hapakuwa na serikali iliyomleta kwa kazi hiyo. Urefu wake haufikii milimita moja. Hutua juu ya rundo la mayai ya nondo, akayatoboa moja moja na kutaga yake ndani, na asubuhi ya kutoka kiwavi hutoka nyigu. Mkulima wa Nkasi anayefungua jani la mhindi alfajiri hataweza kumwona kwa macho. Ataona tu kwamba mayai yaliyobandikwa chini ya jani, ambayo jana yalikuwa na rangi ya maziwa, leo yamekuwa meusi, na atakuwa na bomba lake mgongoni.